Nyongeza Tu

Kwa miaka ishirini na kitu nimeuza dawa katika duka dogo pale Ifakara, na kwa miaka hiyo yote ugomvi wangu na wateja umekuwa mmoja: dozi. Mtu anapimwa, anakutwa na malaria, anapewa vidonge vya siku tatu. Anameza vya siku moja na nusu, homa inashuka, vilivyobaki anavifunga kwenye karatasi na kuviweka juu ya kabati vimsubiri mtoto wa shemeji atakayeugua mwezi ujao. Nimegomba mpaka sauti imekauka. Watoto wa mtaani wakiniona napita hunipigia kelele, "Maliza dozi!" nami huwarudishia matusi madogo, yale ambayo mwanamke wa Jumuiya ya kanisani anaweza kuyatoa bila kwenda kuungama. Nayasema haya mapema ili ieleweke kwamba aliyekosea katika habari hii hakuwa mtu asiyejua dozi ni nini. Nilikuwa mimi.

Dada yangu ni mkulima wa mpunga huko Mofu. Amenitangulia miaka sita, na tangu mama yetu afariki yeye ndiye mama niliyebaki naye. Ni mtu wa maneno machache na mikono mikubwa. Alipokigusa kile kitu kwenye titi la kushoto akiwa anaoga, hakulia wala hakumwambia mtu. Alisubiri siku ya kuja mjini, akasimama mbele ya meza yangu ya dawa akasema, "Nina kitu hapa, kama punje ya kunde. Kiangalie." Nilifunga duka saa nne asubuhi, jambo ambalo sikuwa nimelifanya hata siku za homa yangu mwenyewe.

Alikatwa kipande kidogo cha nyama, kikapelekwa kupimwa, na majibu yakarudi kwamba ni saratani lakini changa. "Umeiwahi, mama," ndivyo alivyoambiwa, na neno hilo tukalibeba kama zawadi. Tuliwapigia ndugu simu tukaanza na hilo: ameiwahi. Daktari wa upasuaji aliondoa uvimbe na nyama kidogo ya pembeni, titi akaliacha. Baada ya hapo tukapewa rufaa ya Dar es Salaam kwa ajili ya mionzi.

Katika safari hiyo yote nilikuwa mkalimani wa dada. Si kwamba Kiswahili kinamshinda. Kiswahili chake ni kizuri kuliko changu, na akikusema kwa methali utatafuta pa kujificha. Lakini Kiswahili cha hospitali ni kitu kingine, kila neno la tatu ni Kizungu, na daktari akimaliza kuongea dada alikuwa ananigeukia mimi: "Anasemaje?" Nami nilimfupishia. Kufupisha ndiyo kazi yangu. Ukiwa na watu watano kwenye foleni na mtoto analia, humwelezi mtu jinsi dawa inavyofanya kazi kwenye damu. Unamwambia mbili asubuhi, mbili jioni, ule kwanza, basi.

Dar tulikaa kwa binamu yetu. Kila siku ya kazi tulikwenda hospitali, dada analala chini ya mashine, inampiga mionzi titi zima kutoka nje, dakika chache, anavaa, tunarudi. Dozi ilikuwa imegawanywa vipande vidogovidogo ili mwili uweze kuistahimili, na hilo alilielewa haraka kuliko nilivyotarajia. "Kama vidonge vyako," alisema. Ngozi yake ilipiga weusi, ikachubuka chini ya titi. Hakulalamika. Alilalamikia joto, na alilalamikia wali. "Huu mchele wa huku hauna hata harufu. Wanakulaje?" Kwa mtu wa bonde la Kilombero hilo ni lalamiko kubwa kuliko ngozi kuchubuka.

Ijumaa ya mwisho ya mionzi ya nje tuliitwa kwa daktari. Alikuwa kijana, mpole, mwenye macho ya mtu asiyelala. "Shikamoo mama," akamwamkia dada, kisha mimi. Katika mazungumzo akaniuliza nafanya kazi gani, nikamwambia nauza dawa. Ningejua, ningemwambia nalima bamia. Maana aliposikia hivyo alikigeuza kiti chake kunielekea mimi, akaanza kunieleza kama anavyomweleza mwenzake, nusu Kizungu, nusu Kiswahili, na mimi nikawa natikisa kichwa kwa utaalamu mkubwa. Nilijisikia vizuri sana. Dada alikuwa amekaa pembeni yetu, mikono mapajani, kama mzigo ambao wenyewe wanajadiliana bei ya usafiri.

Alichokisema nakikumbuka neno kwa neno, na hilo ndilo linaloniumiza zaidi. Alichora duara nyuma ya karatasi, ndani yake akaweka nukta. Alisema mionzi ya nje imelipiga titi lote, lakini saratani ya namna hii ikirudi, mara nyingi hurudi palepale uvimbe ulipokuwa. Kwa hiyo pale panahitaji dozi kubwa zaidi. Ukiisukuma dozi hiyo yote kutoka nje, unaunguza ngozi, unagusa pafu, na kwa titi la kushoto unausogelea moyo. Ndiyo maana wangeipeleka kwa ndani. Wangempa dawa ya usingizi, wapitishe mirija myembamba ndani ya titi, kisha mashine iingize chembe ndogo ya mionzi kwenye mirija, ikae dakika kadhaa, itoke. Karibu na chembe dozi ni kubwa. Ukisogea kidogo tu inashuka upesi. Chembe haibaki mwilini, mirija inatolewa, mgonjwa anakwenda nyumbani akiwa mtu kama watu wengine. "Tunaiita busti," alisema. "Jumanne."

"Anasemaje?" dada akauliza.

Nilikuwa nimechoka. Duka lilikuwa limefungwa tangu tulipoondoka, simu ilikuwa inatetemeka mkobani, na mbele ya yule kijana nilitaka nionekane mtu anayeweza kulisema jambo kubwa kwa neno moja. Nikamwambia, "Anasema Jumanne kuna nyongeza tu. Ya ndani."

Kila dereva wa Ifakara anajua kubusti. Gari limekufa betri, unaleta betri nyingine, unaunganisha waya, bila hivyo haliondoki. Ningemwambia dada hivyo angeelewa mara moja. Lakini mimi nilisema nyongeza, tena nikaweka na *tu* mwishoni.

Sokoni kwetu mtu akikupimia mchele kwa kisado, kile kindoo cha kupimia, akishakijaza mpaka juu, huchota konzi moja juu ya haki yako akakutilia. Hiyo ndiyo nyongeza. Ni moyo wake, si deni. Mama yetu alikuwa akitufinya sikio tukibaki tumesimama mbele ya muuzaji tukiisubiri. Mtu aliyelelewa hupokea haki yake, hushukuru, huondoka. Akitiliwa nyongeza ataipokea, asipotiliwa haombi, na wakati mwingine huikataa kwa heshima ili apewe mwenye watoto wengi. Dada ndivyo alivyo mpaka leo. Ukimkaribisha chakula mara moja tu, hatakula.

Jumapili baada ya misa nilimkuta amefunga begi. Alikuwa amekunja hata shuka za binamu.

"Tunaenda wapi?"

"Nyumbani. Dozi nimemaliza, mdogo wangu. Hiyo nyongeza wampe mwingine. Umewaona wale waliolala kwenye benchi pale nje? Wengine hata ya kwanza hawajapata."

"Daktari alisema Jumanne."

"Mpunga unatia maziwa. Ndege hawangoji Jumanne." Kisha akaongeza, bila kunitazama, kwamba mwanamke mmoja wa kwenye foleni alimwambia mionzi ya ndani haitoki, mtu anakaa nayo, hapakati tena wajukuu. "Mimi kukaa mbali na wajukuu zangu siwezi."

Pale ndipo nilipotakiwa kufungua ule mdomo wangu unaojulikana Ifakara nzima. Hadithi ya wajukuu ningeweza kuivunja kwa sentensi moja, maana daktari alikuwa ameshanieleza. Sikuivunja. Ukweli ni kwamba nilipoliona begi limefungwa, moyo wangu uliruka kwa furaha. Nilikichoka kile chumba, zile foleni, lile joto. Nikasema, "Sawa, tutawauliza kliniki ijayo." Jumatatu tulikuwa ndani ya basi, na kufika Mikumi dada alikuwa amelala begani kwangu.

Namba iliyoandikwa kwenye faili ilikuwa yangu. Jumatano daktari alipiga. Niliona aibu kumwambia mgonjwa amekwenda kuamia ndege wasile mpunga, basi nikasema tumepata msiba. Sijui nilipolitoa neno hilo. Kwetu msiba hautaniwi, ukiutaja bure unauita. Alinipa pole, akaniuliza tutarudi lini, nami nikajibu kwamba kwa kuwa ni nyongeza tu, tutaona.

"Mama, hiyo si nyongeza," alisema. "Hiyo ni sehemu ya dozi. Mgonjwa wako amepata dozi pungufu. Mlete ndani ya wiki mbili, tatu, tukichelewa sana haitakuwa na maana ileile."

Nilikuwa nimesimama nyuma ya meza yangu, mbele yangu mzee mmoja anasubiri dawa ya minyoo. Nikamwambia daktari nimeelewa. Nikamhudumia mzee. Nikamwambia amalize dozi.

Kwa nini sikwenda Mofu siku ileile? Nimejiuliza mpaka swali limechakaa. Ulikuwa mwezi wa nne, bonde limejaa, barabara ya kuingia Mofu imekatika, na dada alikuwa amehamia shambani, juu ya dungu lake la kulindia mpunga, ambako simu hazishiki. Hizo ni sababu za kweli. Lakini watu walikuwa wanakwenda na kurudi kila siku kwa mitumbwi, samaki wa Mofu walikuwa wanafika sokoni asubuhi wakiwa bado wanachezesha mapezi. Samaki waliweza kutoka, mimi nilishindwa kuingia. Niliogopa kumwambia kwamba nilimtafsiria vibaya. Nilijiambia maji yakipungua. Wiki mbili zikapita, tatu zikapita, na daktari alipopiga tena niliitazama simu ikiita mpaka ikanyamaza.

Maji yalipungua mwezi wa sita. Nilikwenda Mofu kumsaidia kuvuna. Nikamkuta amenenepa, kovu limekauka, anacheka na wanawake wenzake huku wanakata mpunga. Alinipikia wali wa mpunga mpya na kambale wa kukaanga. Nikala, nikaongezwa, nikala tena. Nikajiambia, aliyepona hashtuliwi. Tulikwenda kliniki za Ifakara, wakamgusa, wakasema yuko salama, na kila waliposema hivyo nilizidi kulifukia lile jambo. Ikawa mwaka, ikawa miaka miwili, na ikakaribia ya tatu.

Siku moja dada alikuja dukani akapanga foleni. Nilimwona nyuma ya watu wanne, nikamwita apite mbele, akatikisa kichwa. Alisubiri zamu yake kama mteja. Ilipofika akainama juu ya meza akasema kwa sauti ya chini, "Kimerudi. Palepale, chini ya kovu."

Tulirudi Dar. Daktari alikuwa yuleyule, sasa ana kitambi kidogo. Alimpima, akarudi mezani, akafungua faili akaanza kusoma nyuma, karatasi baada ya karatasi. Nilijua anachokitafuta. Nilitamani umeme ukatike.

"Mama, ile dozi ya ndani hukuja kuipata," alisema, na safari hii alimtazama yeye. "Hapa imeandikwa ulipata msiba. Pole sana."

Dada alinigeukia. Hakuuliza anasemaje. Alisikia kila neno. "Msiba wa nani?" aliuliza.

Daktari akatutazama mmoja baada ya mwingine, akafunga faili. Akaeleza yaliyobaki haraka, kwa upole. Pale palishapokea mionzi, hawawezi kupapiga tena kama mwanzo. Sasa titi litaondolewa lote. Nikamwuliza, kwa sauti ambayo sikuitambua, kama ile dozi ingezuia. Alisema hawezi kuapa. Hupunguza uwezekano wa kurudi, haiufuti, na wapo walioipata ikarudi, na wapo walioikosa haikurudi. Jibu lile nililala nalo siku nyingi, nikiligeuza upande huu na ule, nikitafuta mahali pa kujificha ndani yake. Sijapaona.

Nje kulikuwa na benchi la saruji. Tulikaa. Watu walikuwa wanapita na mito, na chupa za uji.

"Ulijua lini?" dada aliuliza.

"Wiki ileile tuliyorudi. Daktari alipiga. Alisema haikuwa nyongeza."

"Mimi nilikuwa wapi?"

"Shambani. Maji yalikuwa yamejaa."

"Maji yalipungua mwezi wa sita."

"Ndiyo, dada."

"Mwezi wa sita ulikuja. Ukavuna na mimi. Ukala wali wangu."

"Ndiyo."

Nililia. Yeye hakulia. Alitoa leso yake akanipa, na nadhani angenizaba kofi ningeumia kidogo zaidi ya pale lakini ningepona mapema. Nilimwomba msamaha pale kwenye benchi. Alisema, "Nimesikia." Mpaka leo sijui kama kusikia kwake ni kusamehe. Sijathubutu kumwuliza.

Titi liliondolewa. Baadaye nilimpeleka kwangu Ifakara, nikampa chumba changu chenye dirisha, mimi nikahamia sebuleni. Asubuhi nilimsafisha kidonda, jioni nilimkanda mkono wa kushoto ili usivimbe. Aliniruhusu yote. Watu wa Jumuiya walikuja kusali rozari, wakamwuliza anahudumiwaje, akawajibu kwamba mdogo wake anamhudumia vizuri kuliko nesi. Alilisema hilo bila kejeli yoyote. Nilikwenda jikoni nikasimama tu mbele ya jiko, sina ninachopika.

Nilikuwa nimezoea hasira. Mimi mwenyewe nina hasira za karibu, nachemka, nafunika, yameisha. Dada hakukasirika. Alikuwa mpole kwangu kama anavyokuwa mpole kwa mgeni, ahsante kwa kila kikombe cha chai, pole kwa kila ndoo niliyobeba. Zamani angeniambia, "Wewe, lete maji." Nilikuwa natamani aniambie "wewe, lete maji."

Dukani nako sikuwa mtu yuleyule. Mwanamke mmoja alikuja akakiri kwamba dawa za mtoto alizikatisha kwa sababu mtoto alianza kucheza. Nilifungua mdomo nigombe kama desturi, nikaghairi. Nikamwuliza nani alimweleza jinsi ya kumpa, na alimwelezaje. Akasema, "Si wewe mwenyewe, mama? Ulisema mpaka apate nafuu." Inawezekana. Foleni ilikuwa ndefu, bila shaka, nikafupisha.

Majibu ya kile kilichoondolewa yalitoka baada ya wiki kadhaa. Safari hii tulimkuta daktari mwanamke, kijana pia. Akatuamkia, akafungua karatasi, akaanza kusoma na kueleza kwa ile lugha yao, akiruka kutoka Kiswahili kwenda Kizungu na kurudi. Alikuwa anamtazama dada, lakini Kizungu chake kilikuwa kinakuja kwangu, kwa mazoea ya wote watatu. Nikasikia neno moja nililolijua. Hapohapo, sijui ni shetani gani, nikaanza kupanga jinsi ya kulilainisha. Nilikuwa nimeshavuta pumzi ya kusema.

Dada aliniwekea mkono gotini. "Wewe nyamaza," alisema.

Kisha akamgeukia daktari. "Mwanangu, hilo neno lirudie. Liseme kwa Kiswahili, polepole. Ukimaliza utaniuliza mimi nimesikia nini, nami nitakujibu. Leo sina haraka."

Daktari alikiweka chini kikaratasi chake. Akasema saratani imefika kwenye tezi za kwapani. Akasema maana yake ni nini, na dawa zitakazofuata, na zitakavyomfanya, na kitakachotokea asipozimaliza. Dada akayarudia yote kwa maneno yake, akakosea mahali pamoja, akarekebishwa, akarudia tena mpaka yakakaa. Aliuliza maswali ambayo mimi nisingeyauliza. Aliuliza kama atauona mpunga wa mwaka kesho. Daktari akamjibu kwa ukweli kwamba hajui, watajaribu. Yote hayo niliyasikia nikiwa nimekaa pembeni, mikono mapajani.

Tulipotoka nilinyoosha mkono nimpokee faili, kwa sababu upande wake wa kushoto bado ulikuwa unauma. Alilihamishia kwenye kwapa la kulia, akalibana, akatangulia mlangoni.